RIMOTI INAPOKOSA KUSIKILIZWA
Jinsi nyumba moja ya Koyama ilivyokipatia king'amuzi sauti yake

Katika kisiwa cha Koyama, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini mwa Kismayo, king'amuzi cha nyumba moja kilinyamaza kwa siku kumi na moja kwa sababu ya kifaa kisichozidi urefu wa kiganja. Rimoti yake ilikuwa mfukoni mwa kijana aliyekwenda kusaidia kuvuta mashua, na mawimbi ya kusi hayakuomba ruhusa. Ilipookotwa ilikuwa imeshiba maji ya chumvi. Ilikaushwa juani, ikafunguliwa, ikapanguswa, lakini haikuamka tena.

Kwa nyumba nyingine jambo hilo lingekuwa usumbufu tu. Katika nyumba hiyo alikuwamo mzee ambaye zamani alikuwa nahodha, na ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hawezi kuondoka kitandani. Macho yake yalikuwa yamefifia. Kilichomfikia kutoka ulimwengu wa nje kilikuwa sauti: taarifa ya habari kwa Kiswahili, mashairi, na mazungumzo ya watu wa Mombasa na Unguja, yote yakipitia katika dishi lililofungwa kwenye nguzo ya mkoko nyuma ya jiko. Tangu vita vya mwaka 1991 Wabajuni wengi walihamia Mombasa, Lamu na mbali zaidi, na mzee huyo alikuwa na watoto na wajukuu huko. Aliposikia jina la mtaa wa Mombasa likitajwa katika habari, humwita binti yake na kumwuliza, “Huko si ndiko anakokaa fulani?”

Televisheni yenyewe haikuwa na matatizo, maana ilikuwa na vitufe ubavuni. King'amuzi ndicho kilichokuwa kikaidi. Kilikuwa cha namna ile iliyoenea siku hizi, kisanduku chembamba kisicho na kitufe hata kimoja usoni. Umeme wa nyumba hiyo hutoka kwenye paneli ya sola na betri ya gari, na kila betri inapoishiwa nguvu usiku, king'amuzi hulala. Asubuhi jua likipanda huwaka taa nyekundu na kungojea amri ya kuamka. Amri hiyo haiwezi kutolewa kwa kidole, hutolewa kwa rimoti peke yake. Inafaa watengenezaji wa visanduku hivyo walifikirie jambo hili, kwani kitufe kimoja tu kingetosha.

Safari ya kwenda Kismayo wakati wa kusi si ya kila siku. Mashua hungoja bahari itulie, na nauli ni nauli. Hata hivyo kaka wa binti huyo, akaaye Kismayo, alituma rimoti mpya ya namna ile iitwayo rimoti ya vyombo vyote. Iliwasili na karatasi yenye orodha ndefu ya majina ya viwanda, kila jina likiwa na nambari zake za tarakimu nne. Binti alizijaribu jioni nzima. Kisha akaiacha rimoti ijitafutie yenyewe, yaani ipige nambari moja baada ya nyingine huku yeye akiitazama taa ya king'amuzi. Hakuna iliyofaa. Jina la king'amuzi chake halikuwamo katika orodha, na jambo hili si la ajabu, kwa kuwa visanduku vya bei nafuu hubadilishwa majina kila mwaka na orodha haiwezi kuvifuata vyote.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kununua king'amuzi kingine. Ili msomaji aone kwa nini haikuwa lazima, yafaa kwanza ieleweke rimoti husema nini.

Lugha ya mwanga usioonekana

Rimoti za kwanza za miaka ya 1950 hazikutumia miale tunayoizungumzia hapa. Mwaka 1955 kiwanda cha Zenith cha Marekani kilitoa rimoti iliyotumia mwanga wa kawaida kama tochi, na jua lilipoingia dirishani televisheni ziliweza kubadilisha stesheni zenyewe. Mwaka uliofuata kiwanda hicho hicho kikatoa rimoti iliyogonga vijiti vya madini na kutoa sauti nyembamba isiyosikika na mwanadamu. Miale ya infraredi ilikuja kushika nafasi baadaye, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeenea kwenye vyombo vya nyumbani.

Miale hiyo ni mwanga kama mwanga mwingine, isipokuwa jicho letu haliuoni. Kitaa kidogo kilicho mbele ya rimoti hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, hali macho ya mtu hukoma kuona kwenye nanomita 700 na kitu. Kwa kuwa jua, moto na taa navyo hutoa mwanga wa namna hiyo, rimoti hupepesa wake kwa kasi kubwa mno, mara 38,000 kwa sekunde kwa vyombo vingi. Jicho la king'amuzi limefundishwa kupuuza kila mwanga usiopepesa kwa kasi hiyo. Ni sawa na mtu aliye sokoni anayeitambua sauti ya mtoto wake katikati ya kelele.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja maneno yenyewe. Utaratibu ulioenea zaidi kwenye ving'amuzi vya bei nafuu ni ule uliobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani. Rimoti hutoa kwanza pigo refu la milisekunde 9, yaani sehemu 9 za elfu za sekunde, kisha hunyamaza kwa milisekunde 4.5. Huo ni mwito wa “Sikiliza!” Hufuata mapigo mafupi 32, na maana haimo ndani ya pigo bali katika kimya kinacholifuata: kimya kifupi cha nusu milisekunde na kidogo ni sifuri, na kimya kirefu cha milisekunde 1.7 hivi ni moja. Maneno yote hayo humalizika kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha. Mtu akiendelea kubonyeza, rimoti hairudii neno zima bali hutoa ishara fupi yenye maana ya “bado, endelea”.

Mapigo hayo 32 ni mafungu manne ya mapigo manane manane. Fungu la kwanza ni anwani ya chombo, ili televisheni isiitikie yanayoambiwa king'amuzi. La pili ni anwani ile ile iliyopinduliwa, kila sifuri ikiwa moja na kila moja ikiwa sifuri. La tatu ni amri, kama vile “washa” au “ongeza sauti”. La nne ni amri hiyo iliyopinduliwa. Chombo kikipokea amri na kinyume chake visivyolingana, hukataa kutenda, kwa kuwa kinajua kwamba kimesikia vibaya. Msomaji alishike jambo hili la kinyume, maana ndilo lililokuja kuiokoa nyumba ya Koyama.

Kabla ya kuulaumu msimbo

Binti huyo alikuwa na kijana wake wa miaka kumi na minne, na wote wawili walianza pale ambapo kila fundi mwenye akili huanza, yaani kwa mambo madogo.

Walitaka kujua kwanza kama rimoti mpya inatoa mwanga wowote. Jicho haliuoni, lakini kamera ya simu huuona. Ukiielekeza rimoti kwenye kamera na kubonyeza kitufe, utaona kwenye kioo nukta ya rangi ya zambarau au nyeupe ikipepesa. Kamera ya mbele mara nyingi huona vizuri kuliko ya nyuma, kwa sababu ya nyuma huwekewa kichujio cha kuzuia miale hiyo. Nukta ilionekana. Isingeonekana, wangeangalia betri, kisha springi za betri, ambazo katika hewa ya bahari huota kutu ya kijani hata kama betri ni mpya. Kutu hiyo huondolewa kwa kukwangua taratibu kwa msasa mwembamba. Kitufe kimoja kinapogoma na vingine vinafanya kazi, kosa huwa kwenye mpira mweusi ulio chini yake, nao hupanguswa kwa kitambaa na spiriti kidogo. Na rimoti iliyoanguka sakafuni ikafa ghafla, mara nyingi kilichovunjika ni kijiwe kidogo cha kauri kinachoipa mwendo wake. Fundi hukibadilisha kwa kazi ya dakika chache.

Walitazama vilevile mahali king'amuzi kilipokaa. Kilikuwa kwenye rafu inayotazama mlango wa magharibi, na jua la alasiri lilikuwa likikipiga usoni. Jicho la king'amuzi hupuuza mwanga usiopepesa, ni kweli, lakini jua kali hulijaza hadi lisione kingine. Baadhi ya taa za kuokoa umeme nazo hupepesa na kulichanganya. Kwa hiyo majaribio yote yakahamishwa hadi baada ya magharibi, taa ya chumbani ikiwa imezimwa. Nani ajuaye ni rimoti ngapi zimetupwa jalalani kwa sababu zilijaribiwa saa kumi jioni!

Yote hayo yalipokamilika na king'amuzi bado kimelala, ndipo ilipokuwa haki kusema kwamba kinachokosekana ni msimbo.

Karatasi kutoka Mombasa

Rimoti ile mpya ilikuwa na uwezo ambao binti hakuujua hapo kwanza. Pembeni ilikuwa na kitufe cha kujifunza. Rimoti ya namna hiyo huweza kuelekezwa uso kwa uso na rimoti nyingine, ikausikiliza msimbo wake na kuuweka moyoni. Shida ni kwamba mwalimu, yaani rimoti ya asili, alikuwa amekwisha kufa maji.

Mwana wa kaka yake, kijana fundi wa redio aliyekulia Mombasa, ndiye aliyepata njia. Karakana yake ilikuwa na king'amuzi cha aina ile ile. Alichukua kipokezi cha miale chenye miguu mitatu, kifaa cha bei ndogo sana, akakiunga kwenye kompyuta na kubonyeza vitufe vya rimoti nzima mbele yake. Kompyuta ikamwandikia kila kitufe kwa tarakimu nane. Kisha akampigia simu baba yake aliyeko Kismayo na kumsomea, naye akaandika kwenye karatasi ya daftari. Karatasi ikapanda mashua pamoja na baharia mmoja mwenye simu ya Xiaomi, moja ya zile zenye kitaa cha infraredi juu yake. Ndani ya simu kulikuwa na programu inayoweza kupewa msimbo wowote na kuutoa kama rimoti. Hesabu ilikuwa hivi: simu iseme, king'amuzi kiamke, kisha rimoti mpya ijifunze kutoka kwa simu. Mashua ilikuwa ikiondoka alfajiri na baharia na simu yake, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya usiku mmoja.

Baada ya sala ya isha baharia aliketi mkekani, na binti akamsomea mstari wa kwanza wa karatasi, ule wa kuwasha. Programu ilitaka vitu viwili, anwani na amri. Karatasi ilisema 00FFA25B. Baharia akaandika anwani 00 na amri A2, akaielekeza simu, akabonyeza. King'amuzi hakikuamka.

“Labda karatasi ni ya king'amuzi kingine, dada,” alisema baharia.

Kijana wa nyumba hiyo alikuwa amelala kifudifudi karibu na rafu. “Mama, taa imekonyeza,” alisema.

Neno hilo lilikuwa na thamani kuliko alivyojua. Baadhi ya ving'amuzi hukonyeza taa kila vinaposikia anwani yao, hata kama amri iliyokuja haina kazi wakati huo. King'amuzi kilichokufa jicho hakikonyezi. Kinachosemeshwa kwa anwani ya mwingine hakikonyezi. Kwa hiyo mwanga ulifika, kasi yake ilikuwa sawa, na anwani 00 ilikuwa yake. Kosa lilikuwa limebaki mahali pamoja tu: kwenye amri.

Herufi zinazooana

Tarakimu zile za ajabu zenye herufi ndani yake si siri. Sisi huhesabu hadi tisa kisha tukaanza kumi kwa tarakimu mbili. Mafundi wa kompyuta huhesabu hadi kumi na tano kwa alama moja, na kwa kuwa tarakimu zimewaishia kwenye 9, huazima herufi: A ni kumi, B kumi na moja, C kumi na mbili, D kumi na tatu, E kumi na nne, F kumi na tano. Kila alama moja husimama badala ya mapigo manne.

Sasa, kupindua mapigo manne ni sawa na kuitoa alama yake kutoka kumi na tano. Hivyo kila alama ina mwenzake mmoja na hana mwingine: 0 huoana na F, 1 na E, 2 na D, 3 na C, 4 na B, 5 na A, 6 na 9, 7 na 8. Fundi wa Mombasa alikuwa amemwambia baba yake jambo hilo, na mzee huyo alikuwa na busara ya kuliandika juu ya karatasi, ingawa yeye mwenyewe alikiri hakulielewa. Binti, ambaye utotoni alisoma hesabu katika shule ya Kismayo na kuzipenda, aliukagua mstari kwa kidole.

Anwani 00, kinyume chake FF. Sawa. Amri A2, kinyume chake 5B. A na 5 wanaoana. Lakini 2 mwenzake ni D, si B.

Mstari wa kwanza ulikuwa na kosa, nalo lilijionyesha lenyewe bila mtu kupiga simu wala kupanda mashua. Ilibaki kuamua ni alama ipi iliyoharibika. Yawezekana 2 ni sahihi na B ilipaswa kuwa D. Yawezekana pia B ni sahihi na 2 ilipaswa kuwa 4. Binti alifikiri karatasi ilivyoandikwa: mtu anasoma kwa simu, mwingine anaandika. Nani atasikia “mbili” akaandika nne? Lakini herufi hizo zilisomwa kwa Kiingereza, na “bi” na “di” katika simu yenye upepo ni ndugu mapacha. Akaandika D juu ya B. Alipoikagua karatasi yote aliona B na D zimebadilishana katika mistari mingine mitatu, na kila mara mwenzake alimwonyesha ipi ni ipi. (Wanaosomeana misimbo kwa simu wafanye kama mabaharia wa zamani na kutumia majina: B ya bahari, D ya dau.)

Isieleweke kwamba kanuni hii ni ya vyombo vyote. Televisheni za Samsung, kwa mfano, hurudia anwani badala ya kuipindua. Msimbo wao wa kuwasha unaojulikana sana ni E0E040BF, ambamo E0 imeandikwa mara mbili, na ni amri peke yake, 40 na BF, inayooana. Mwito wao wa mwanzo pia ni tofauti, milisekunde 4.5 za pigo na 4.5 za kimya. Vyombo vya Sony hutumia mapigo 12, 15 au 20 kwa kasi ya 40,000 kwa sekunde, na havitii amri mpaka irudiwe mara tatu. Mtu akiutoa msimbo wa Sony mara moja tu atasema ni mbovu, kumbe ni mzima.

Kusoma kutoka upande wa pili

Marekebisho ya D hayakutosha. Baharia aliandika tena anwani 00 na amri A2, kwani nusu ya kwanza ya amri haikuwa imebadilika, na king'amuzi kikakonyeza taa kikaendelea kulala.

Hili ni kosa la pili, nalo huwapata hata mafundi. Katika utaratibu wa NEC rimoti hutuma mapigo kuanzia lile dogo kabisa kwa thamani, kama mtu anayesoma nambari 125 kwa kuanza na tano. Kompyuta ya Mombasa iliandika mapigo kama yalivyofika, moja baada ya jingine. Programu ya simu ilitaka amri yenyewe, kwa thamani yake halisi. Mmoja aliandika kutoka kulia na mwingine alisoma kutoka kushoto, na wote wawili hawakusema uongo.

A2 kwa mapigo ni 1010 0010. Ikisomwa kinyumenyume ni 0100 0101, nayo ni 45. Kwa chombo kingine mambo ni hayo hayo: televisheni nyingi za LG huwashwa na msimbo ulioandikwa 20DF10EF, lakini programu inayotaka anwani na amri hupewa 04 na 08. Na hapo ndipo ilipojificha sababu ya taa kukonyeza. Anwani ya king'amuzi cha Koyama ilikuwa 00, na sifuri nane ukizisoma kutoka upande wowote ni sifuri nane. Anwani ilifika salama na amri ikafika imepinduka. King'amuzi kilisikia jina lake, kisha kikaambiwa neno lisilo maana kwake usingizini.

Binti hakuyajua hayo yote usiku huo. Alichokiona ni kwamba programu ilikuwa na ukurasa mwingine unaokubali tarakimu zote nane kwa pamoja. Akamwambia baharia aache anwani na amri, aandike mstari mzima kama ulivyo: 00FFA25D. Baharia akabonyeza.

Taa nyekundu ikawa ya kijani.

Kuifundisha rimoti

Kazi iliyobaki ilionekana nyepesi, lakini ilichukua muda zaidi kuliko ile ya kwanza. Simu na rimoti ziliwekwa juu ya ubao wa kukunia nazi uliogeuzwa, uso kwa uso, zikiachana kwa upana wa vidole vitatu. Karibu mno, mwanga hulijaza jicho la rimoti. Mbali mno, rimoti husikia nusu. Taa ilizimwa. Kitufe cha kujifunza kikashikwa mpaka rimoti ikawaka, kikachaguliwa kitufe kitakachobeba amri, na simu ikabonyezwa.

Kitufe cha kuwasha kilikubali mara ya kwanza. Kitufe cha kupandisha stesheni kilijifunza, lakini kilipojaribiwa kiliruka stesheni mbili kwa wakati mmoja. Baharia alikuwa amekiweka kidole kwenye kioo cha simu kwa muda, na simu ikatoa neno zima mara mbili, na rimoti kama mwanafunzi mwema ikayaandika yote mawili. Kikafutwa kikafundishwa upya kwa mguso mmoja mwepesi. Kitufe cha sauti kilionyesha kasoro ya namna nyingine: kilipandisha sauti hatua moja tu hata kikishikiliwa, kwa sababu rimoti ilijifunza neno bila ile ishara ya “bado, endelea”. Binti aliliacha hivyo. Kubonyeza mara kumi si taabu.

Mwenye televisheni ya utaratibu wa RC-5, uliobuniwa na Philips, atakutana na kioja kingine. Katika utaratibu huo mna pigo moja linalobadilika kila mtu anapobonyeza upya, ili chombo kijue kwamba kidole kiliinuliwa. Rimoti iliyojifunza huandika pigo hilo likiwa limeganda. Matokeo yake kitufe hufanya kazi mara moja, kisha hakifanyi, mpaka kibonyezwe kitufe kingine kwanza. Watu hubadilisha betri bure. Dawa yake ni kutafuta katika orodha ya rimoti nambari ya kiwanda inayotumia RC-5, maana rimoti ikiujua utaratibu wenyewe hulibadilisha pigo hilo vizuri, kuliko kukariri neno moja.

Na rimoti inayofanya kazi kwa hatua moja tu kutoka kwenye chombo, baada ya betri kuwekwa mpya, yafaa ishukiwe kasi yake. Jicho la 38,000 huweza kusikia 36,000 au 40,000, lakini kwa karibu tu. Misimbo iliyoandikwa kwa mtindo mrefu wa Pronto, ule unaoanza na 0000, huonyesha kasi hiyo katika fungu la pili. Likiwa 006D, ni 38,000. Mtu akinakili fungu hilo vibaya, mengine yote yanaweza kuwa sahihi na rimoti isisikike kitandani.

Kitandani ndiko hasa ilikotakiwa isikike. Ilikuwa imekaribia saa sita ya usiku vitufe kumi na viwili vilipokuwa vimejifunza. Betri ya gari ilikuwa imechoka na picha ikaanza kutetemeka, binti akazima televisheni ili kuokoa nguvu. Akaondoa betri za rimoti na kuzirudisha, kuhakikisha kwamba haisahau; baadhi ya rimoti za bei nafuu husahau. Hii haikusahau. Kisha akakata kipande cha plasta, akakibandika juu ya kitufe cha kuwasha ili kidole cha mtu asiyeona kiweze kukitambua, na kingine kidogo kwenye kitufe cha kupandisha stesheni.

Misimbo yote, ikiwa imesahihishwa, aliinakili kwa wino nyuma ya mlango wa kabati, juu ya orodha ya madeni ya samaki. Ile karatasi ya daftari alimpa baharia airudishe Kismayo pamoja na ujumbe kwa mpwa wake: herufi nne zilikuwa si zenyewe, shangazi yako amezipata.

Mashua iliondoka kabla ya jua. Saa mbili ya asubuhi paneli ilikuwa imekwisha kuamsha betri na taa nyekundu ilikuwa ikingoja rafuni, ambayo sasa iligeuzwa kuutazama ukuta wa kaskazini. Mzee alipapasa juu ya mto, akaipata rimoti, akaitafuta plasta kwa dole gumba. Mjukuu alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa mkono. Mtangazaji alikuwa katikati ya habari za bei ya sukari.

“Ongeza sauti,” alisema mzee, kisha akakumbuka, na akaiongeza mwenyewe, hatua moja moja.